Mwaka wa Kungoja Herufi

Bi Zuhura alinipigia simu nikiwa jikoni kwangu Ganjoni, mikono imejaa maganda ya viazi. Hakulia. Alisema tu, "Felista, Baba ametutoka alfajiri. Azikwa baada ya adhuhuri. Khitma ni kesho, baada ya alasiri. Ndoo, usikose." Maalim Abubakar alikuwa amekula chumvi nyingi, na kwa miaka mingi alikuwa haoni, na kila mara nilipomtembelea nilijua huenda ndiyo kuagana. Hata hivyo nilikaa kitako pale pale sakafuni nikalia kwa sauti, mimi mwenye wajukuu. Kesho yake nikatoka kwa pupa, leso begani, nikaisahau hata miwani yangu juu ya friji. Nilipokumbuka nilikuwa nimeshafika Makadara, nikasema potelea mbali, naenda msibani, siendi kusoma gazeti. Nikaingia Mji wa Kale kwa miguu, nikifuata uchochoro ule niliokuwa nikiufuata kila asubuhi kwa mwaka mzima, nilipokuwa msichana mwenye vidole vyepesi na moyo usiojua kungoja.

Maana mimi si mtu wa subira. Nilizaliwa hivyo na ningali hivyo. Chai yangu huinywa ingali moto ikaniunguza ulimi, na foleni ya benki hunitoa maneno. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kozi ya chapa na kompyuta, nakaa na shangazi yangu Buxton, natafuta kazi. Mtu wa kanisani akatuambia kwamba kuna mwalimu mstaafu Kibokoni anataka mpiga chapa wa kitabu chake. Shangazi akanitazama juu chini, akasema, "Kwa Waswahili? Pesa sijui, lakini utakula." Nikaenda nikidhani ni kazi ya mwezi mmoja. Mwenzangu aliyekuwa hodari darasani alikuwa amepata ofisi bandarini yenye mashine ya kupozea hewa, na mimi nilijiona nimeangukia kwenye ngazi za mawe zenye giza, kila kidato kina urefu wake, na juu yake sauti ya mzee ikiniambia, "Subalkheri, mwanangu. Pita, pita. Kitwa tu, inamisha kitwa, boriti hiyo haina adabu."

Chumba kilikuwa cha mbele, ghorofa ya pili, chenye roshani ya mbao iliyotazamana na roshani ya jirani kwa ukaribu ambao mtu angeweza kumpa mwenziwe chumvi. Kuta zilikuwa nene, zenye madaka, na ndani ya madaka badala ya vyombo vya kaure kulikuwa na bahasha za picha. Kompyuta iliwekwa juu ya meza ya kulia chakula, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kama bibi harusi. Mpwa wake Maalim ndiye aliyeileta kutoka Dubai, tayari imetumika, mgongo wake mkubwa umechukua nusu ya meza. Bi Zuhura, bintiye, aliyekuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, aliketi siku zote mkekani karibu na mlango uliokuwa wazi, akishona kofia. Ilikuwa ndiyo heshima ya nyumba ile, kwamba binti wa watu hakai peke yake chumbani na mwanamume hata akiwa mzee, na mimi niliizoea heshima hiyo mpaka nikaipenda, kwa sababu ilinipatia dada.

Kitabu kilihusu nyumba. Maalim alikuwa ametembea Mji wa Kale miaka na miaka, mtaa kwa mtaa, Kibokoni, Kuze, Mkanyageni, Ndia Kuu, akiandika kila nyumba: nani aliijenga, mlango ulichongwa na nani, kisima kilikuwa wapi, nani aliolewa chumba gani, nani alifia humo. Na kila nyumba ilikuwa na picha zake. Sehemu kubwa ilikuwa imeshapigwa chapa na watu mbalimbali kabla yangu, ikaunganishwa. Kazi yangu ilikuwa kuimalizia na kusahihisha, yeye akisoma mimi nikigonga. Siku ya kwanza aliniambia sababu ya haraka yake, bila kulalama, kama mtu anayekueleza choo kiko wapi. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ana presha ya macho, na kwamba yataendelea kuzimika polepole, na dawa ni ya kuchelewesha tu. "Mimi sitaki mengi," alisema. "Nataka kitabu hichi nikisome kwa mato yangu, tangu mwanzo hata mwisho, kabla mato hayajakwisha. Kusomewa sitaki. Nyumba hizi nimeziona, nataka nizione tena." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi hugonga upesi, nilisema, na Bi Zuhura akainua uso kutoka kwenye kofia yake akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa mpaka nilipoifungua ile hati.

Wanaoandika leo kwa simu hawawezi kujua. Niligonga neno "mlango". Hakikutokea kitu. Nikadhani kibodi imekatika waya, nikagonga tena, nikagonga kwa hasira. Kisha, nilipokwisha kata tamaa na kumtazama Maalim, herufi zikaanza kutoka moja moja, m, l, a, kama wazee wanaoshuka ngazi, na nyuma yao ule mlango wa pili, na wa tatu, na takataka zote za hasira yangu. Kufuta nako kulikuwa vivyo hivyo. Ukitaka kwenda katikati ya kitabu unabonyeza, kisha unakunja mikono. Na kuhifadhi, hapo ndipo kijisaa cha mchanga kilipojitokeza kwenye kioo kikasimama, na sisi watatu tukakitazama kama watu wanaongoja mwezi kuandama. Kuhifadhi kulitutosha kunywa kahawa, kikombe kizima, na kaimati mbili juu yake. Bi Zuhura aliamini kwamba mashine inaona joto, na mchana akageuza feni kutoka kwa babake akaielekezea kompyuta. "Nayo ni kiumbe," alisema. Maalim alitoa jasho hapo kitini bila kusema neno, kitambaa shingoni, na mashine ikapepewa kama sultani na wala haikuongeza mwendo.

Sasa nikikumbuka, mambo mengi niliyojifunza mwaka ule niliyajifunza mbele ya kile kijisaa. Maalim hakupenda kimya kipite bure. Mashine ikisimama, yeye huanza. "Nyumba hii unayoingoja," atasema, "ilikuwa na mama mmoja hakuolewa kwa sababu alikataa kuhama dirisha lake." Au tutasikiliza roshani ya pili, ambako Bi Mwanaidi, jirani mjane mwenye sauti ya kuita ng'ambo, alikuwa akimfundisha mkwewe kupika: "Tui la kwanza hilo waliwahishia nini, kwani moto watoroka? Wata! Wata kwanza litulie!" Maalim atacheka mpaka aondoe miwani kuifuta. Na palikuwa na harufu, mbaazi za nazi asubuhi, samaki wa kupaka mchana, udi jioni, na Bi Zuhura hakuniacha nishuke ngazi zile bila kitu kilichofungwa kwenye karatasi kwa ajili ya shangazi. Tabu ikawa moja tu. Yale maneno ya kungojea yalikuwa matamu, na Maalim akishamaliza kuyasema atafikiri kidogo, kisha atasema, "Hebu na hilo litie." Kwa hiyo tulingoja tukasimulia, tulichosimulia tukakiandika, na kitabu kikazidi uzito, na mashine ikazidi kulala, na sisi tukazidi kungoja. Ilikuwa kama kumlisha mgonjwa wa tumbo.

Nayo macho hayakungoja. Mwanzo wa mwaka Maalim alikuwa akisoma maandishi yake kwa miwani. Kisha ikawa miwani na kioo cha kukuzia. Kisha nikaona anashika karatasi upande mmoja, akigeuza shingo, kwa sababu upande mwingine ulikuwa umeshaingia kiza. Alikuwa amejaribu kusoma kwenye kompyuta, herufi tukazikuza, lakini kila alipotaka kugeuza ukurasa kijisaa kilisimama, na alipofika ukurasa wa pili alikuwa ameshasahau wa kwanza, na macho yanachuruzika machozi. Kuchapisha kitabu chote kwa herufi kubwa kulishindikana kabisa. Mashine ilifikiri asubuhi nzima, kisha ikazima. Nilikaa nikakitazama kile kioo cheusi, na niliona haya kumtazama yeye. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile si kazi ya chapa tena. Mzee yule alikuwa akinipa macho yake kila siku, kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nikiyatumia kungojea herufi.

Tukaita fundi wa kompyuta. Alikuja mtu mzima mwenye mkoba wa bisibisi, akapewa chai, akaifungua hati, akangoja, akacheka peke yake. Akatuambia mashine haina ugonjwa. Hati moja yenye kurasa nyingi namna ile, na picha zake zote tumboni, kila ukigusa herufi moja mashine hurudi kukipanga upya kitabu kizima. "Igawanyeni," alisema. "Kila mtaa uwe hati yake. Picha ziwekeni mbali. Itakimbia." Nilitaka kumbusu. Lakini Maalim aliweka kikombe chake kwenye kisahani polepole. "Kitabu hichi hakigawanywi," alisema. Fundi akajaribu tena, kwa heshima, akimwita mzee wangu. Maalim akamshukuru, akamwombea dua ya safari, akamlipa. Alipokwisha shuka ngazi, mzee akanionyesha kwa kidole nyumba ya pembeni, iliyokuwa upande wa kushoto wa roshani.

Nyumba ile nilikuwa nimeipiga chapa mwenyewe, na nilidhani naijua. Ilikuwa kubwa kuliko yetu. Mwenyewe alipokufa, warithi waliigawa kwa haki kabisa, kila mtu fungu lake kama sheria ya Mungu ilivyoagiza. Wakapiga kuta za plaiwudi katikati ya ukumbi. Ngazi ikawa ya huyu, kisima cha yule, na aliyepata chumba cha nyuma akatoboa ukuta kupata mlango. Kisha mmoja akauza fungu lake, na wa pili akauza, na mwaka ule nilipokuwa pale tulisikia nyundo kila siku, kwa sababu mnunuzi alikuwa akiivunja ajenge maduka. "Sikatai mirathi," Maalim alisema. "Mirathi ni haki. Lakini nimeandika nyumba hizi zote, Felista, na n'nakwambia nilivyoona. Kitu kizima kikishagawanywa, hakirudi kizima. Kila mtu hushika ndia yake. Wanangu hawana hamu ya karatasi. Nikikigawa hichi, Kuze kitabaki kwa huyu, Mkanyageni kwa yule, na kimoya katika hivyo kitafungiwa bajia." Bi Zuhura akasema, "Baba, mimi?" Akajibu, "Wewe ni mmoja, mwanangu." Nyundo iliendelea kugonga upande wa pili na mimi nikarudi kwenye herufi zangu.

Kisha Bi Mwanaidi akafariki. Roshani ikawa kimya ghafla, na hata Maalim aliyekuwa akimcheka alikaa siku nzima hakusoma kitu. Bi Zuhura akanivika buibui lake, akaniambia twende, jirani ni jirani. Sikuwa nimewahi kuingia katika msiba wa Kiislamu. Tuliketi wanawake chumba kizima mpaka ngazini, magoti kwa magoti, na nilijikunyata pembeni nikiogopa kukosea. Likaletwa kasha la mbao. Mama mmoja akalifungua, akaanza kugawa vitabu vyembamba, kimoja kwa huyu, kimoja kwa yule, mpaka kasha likawa tupu. Kisha wote wakaanza kusoma kwa pamoja, kila mtu kitabu chake, kwa sauti ya chini, na chumba kikavuma. Sikuelewa. Nilimnong'oneza Bi Zuhura, "Wanasoma nini, kila mtu chake?" Akaninong'oneza, "Ni Kurani moja. Imegawanywa juzuu thelathini. Kila mtu husoma juzuu yake, na wote wakimaliza, msahafu mzima umesomwa. Mtu mmoja angechukua siku ngapi?" Juzuu zikaanza kurudi kashani, moja baada ya moja, na yule mama akazipanga kwa utaratibu wake. Kasha likafungwa likiwa limejaa. Kisha ukaja ubani, na dua, na kahawa tungu na halua, lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye lile kasha.

Asubuhi yake sikuvua hata viatu vizuri. "Maalim," nilisema, "jana nimeona kitu kizima kikigawanywa, kikarudi kizima." Nikamweleza, maneno yakinigongana, mimi msichana wa kanisani nikimfundisha mwalimu wa Kibokoni khitma ni nini. Uso wake ukakunjamana. "Usifananishe kitabu changu na Kitabu cha Mungu, mwanangu. Hilo usiliseme." Nikasema, "Sifananishi vitabu, Maalim. Nafananisha mgao. Ule wa nyumba ya jirani, kila mtu alichukua lake akaenda. Huu wa jana, kila mtu alichukua lake akakaa." Bi Zuhura aliacha sindano hewani. Mzee akageuza shingo akaitazama ile nyumba ya pembeni, nami kwa mara ya kwanza mwaka ule nilingoja bila kutikisa mguu. Hatimaye akaanza kucheka, ule mcheko wake wa kuondoa miwani. "Miaka sitini nazisoma juzuu," akasema kumwambia bintiye, "na kasha nimelibeba kwa mikono hii." Akanigeukia. "Haya. Gawa. Lakini kasha liwe moja, na ufunguo awe nao Zuhura."

Nikagawa. Kila mtaa ukawa hati yake, na picha zikakaa mahali pao, na zote zikawa ndani ya jalada moja ambalo Maalim aliamuru liitwe Kasha. Siku nilipofungua hati ya Kuze na kugonga neno la kwanza, herufi zilitoka zikinifuata vidole, na nilipiga ukelele uliomfanya mkwe wa Bi Mwanaidi achungulie kutoka kwenye roshani. Ile feni tukairudisha kwa mwenyewe. Tangu hapo kila asubuhi nilimchapishia Maalim fungu la siku kwa herufi kubwa, naye akaketi pale roshanini penye mwanga, karatasi upande wa jicho lililobaki, akasoma. Alipoona kosa alilitia alama kwa kalamu nyekundu, nami nikalisahihisha kabla kahawa haijapoa. Sitakificha kilichokuwa kikitokea. Kila mtaa ulitaka herufi kubwa kuliko mtaa uliotangulia. Kibokoni alikisoma kwa herufi za vichwa vya habari. Ndia Kuu, maneno machache tu yalienea kwenye mstari. Tulikuwa tukishindana, mimi nikikuza na kiza kikija, na hakuna aliyelitaja jambo hilo kwa mdomo. Nilikuwa na hofu nikilala na nikiamka, hofu ya kweli, kama ya mtu mwenye mgonjwa wake mwenyewe.

Nyumba ya mwisho aliiweka iwe yake. Niliichapisha kwa herufi zenye ukubwa wa kidole gumba, mstari mmoja maneno mawili, ikawa bunda zima la karatasi kwa nyumba moja. Alitumia asubuhi nzima. Midomo yake ilikuwa ikitembea, na mara moja moja aliinua uso kutazama boriti, au daka, au mlango, akilinganisha. Alipofika karatasi ya mwisho aliisoma, akaigeuza kuhakikisha hakuna nyingine, akaiweka mapajani. "Alhamdulillahi," akasema. "Nimeziona zote." Bi Zuhura akaenda jikoni ili asilie mbele yetu, na mimi sikuwa na jikoni ya kukimbilia, nikalia pale pale kwenye kibodi. Kitabu kilipigwa chapa, kikafungwa kwa jalada la kijani, na kiko katika nyumba nyingi za mji ule. Mimi nikapata kazi nyingine, nyingi, katika ofisi zenye hewa baridi na mashine za upesi. Sijapata tena chumba ambamo nilifundishwa mengi hivyo kwa sababu kitu kimekataa kwenda. Namshukuru Maalim, na Bi Zuhura, na ninaishukuru hata ile mashine mvivu, ambayo laiti ingekuwa na kasi ningemaliza kazi kwa mwezi mmoja nikaondoka bila kumjua mtu.

Jana basi niliinamisha kichwa kwenye boriti isiyo na adabu, nikaketi mkekani katika chumba kile kile, magoti kwa magoti na wanawake wa Kibokoni. Bi Zuhura ana mvi sasa. Likaja kasha, zikagawanywa juzuu, na mimi nikaweka mikono mapajani kama nifanyavyo katika khitma zote, nikingoja wenzangu wasome. Bi Zuhura akapita watu mpaka akanifikia. Mkononi alikuwa na bahasha nene iliyochakaa. "Baba aliniusia," alisema. "Siku ya khitma yangu, Felista asikae mikono mitupu." Nikafungua. Lilikuwa lile bunda la nyumba yake, na alama za kalamu nyekundu pembeni, na karatasi zimekuwa rangi ya chai. Chumba kikaanza kuvuma. Nikakumbuka miwani yangu ipo juu ya friji Ganjoni, na miaka hii bila miwani sioni hata jina la duka. Nikaweka karatasi ya kwanza mbele ya uso wangu, na maneno yakanijia yenyewe, mawili mawili, makubwa, meusi, nikayasoma yote mpaka mwisho, kisha nikayarudisha kashani.